Bei ya Ua Moja

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Kabla sijasema lolote, niambie goti linaendeleaje. Mara ya mwisho uliandika kwamba ukipanda ngazi linalia kama mlango usiotiwa mafuta, nami nimekuwa nikilifikiria. Shemeji je, bado anakoroma hadi majirani wanagonga ukuta? Wasalimie wapwa zangu wote, hasa yule wa mwisho anayekataa kunyolewa na mtu mwingine. Mwambie avumilie.

Mimi ni mzima. Kibanda cha kunyolea kipo palepale, kioo ni kilekile chenye ufa pembeni, na viti ni vilevile viwili, kimoja cha kunyolea na kimoja cha wanaokuja kupiga soga. Kilichobadilika ni rafu iliyo chini ya kioo. Zamani ilijaa chupa za spiriti na vichana. Siku hizi imejaa waridi. Usicheke, Dada. Ni waridi za karatasi, nazitengeneza mwenyewe kwa mikono hii unayoijua.

Ilianza wiki moja ya mvua, wateja hawaonekani. Nilitungua kalenda ya mwaka jana nikaikatakata ili mikono isilale, nikagundua kwamba ukivuta ukanda wa karatasi juu ya mgongo wa mkasi, unajikunja wenyewe kama petali. Siku ya tatu nilikuwa dukani nanunua karatasi laini za rangi, gundi na waya mwembamba. Kazi haina tofauti kubwa na kunyoa. Inataka subira na mkono mwepesi, na kujua mahali pa kuacha.

Kutengeneza hakukunishinda. Kilichonishinda ni bei. Mteja wa kwanza aliponiuliza waridi moja ni kiasi gani, masikio yaliniwaka moto, nikamwambia anipe chochote. Naye akanipa chochote: nusu pakiti ya biskuti. Baadaye nikajikaza, nikawa nataja bei, lakini ndogo kiasi cha kutorudisha hata hela ya gundi. Na bado hawakununua! Mama mmoja aliyekuwa anakwenda kumwona mgonjwa aliligeuzageuza ua langu, akauliza bei, kisha akalirudisha taratibu. Alisema akimpelekea mgonjwa wake ua la bei ile, atadhani ameshakatiwa tamaa.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na kibanda changu, yuko mama anayeuza maua mabichi. Mtaani wanamwita Mama Ndoo, maana duka lake lote ni ndoo, na ukiingia bila kuangalia chini utatoka na kiatu kimejaa maji. Miaka minne tulikuwa tunapungiana mikono tu. Siku moja akavuka barabara, vidole vikichuruzika maji, akaingia bila hodi, akakaa kwenye kiti cha kunyolea, na kuniambia kwamba ninamharibia soko. Wateja wake walikuwa wakimwambia kinyozi wa pale ana waridi zisizonyauka, tena kwa bei ya mkate. Nikaanza kumwomba radhi, akanikatiza. Akauliza ua moja linanichukua muda gani. Nikamwambia ni sawa na kunyoa kichwa kimoja, pamoja na ndevu zake.

"Basi ua lako ni kichwa kimoja," akasema. "Ukiuza chini ya hapo, unaniua mimi na unajizika wewe."

Nikajitetea kwamba wahenga walisema chema chajiuza. Akaniangalia kupitia kioo, akauliza kama chema kina mdomo.

Tangu siku hiyo, kila alasiri wateja wakipungua, alikuwa anavuka kuja kunifundisha kutaja bei. Yeye anakuwa mteja, mimi muuzaji. Akitamka "punguza," nilikuwa nimeshapunguza kabla hajafunga mdomo. Siku moja nilipunguza hata kabla hajaomba, akasema hajawahi kuona mtu anayepatana bei na nafsi yake. Sheria yake ilikuwa moja: taja bei, halafu nyamaza. Dada, sikujua kwamba kunyamaza ni kazi nzito kiasi kile. Nilikuwa natoka jasho kama mtu anayesukuma gari.

Mtihani ukaja siku alipoingia fundi cherehani wa mtaa wa nyuma. Binti yake alikuwa anaolewa, akataka waridi sitini za kupambia ukumbi. Wakati huo nilikuwa namnyoa mwalimu wa hesabu wa shule ya jirani, upande wa kushoto umekwisha, wa kulia bado. Nikataja bei ya vichwa sitini, nikanyamaza. Mashine ikaendelea kunguruma mkononi mwangu bila kunyoa kitu. Fundi akauliza, "Karatasi?" Nikasema ndiyo, karatasi. Akacheka, akachukua mkoba wake, akaondoka.

Nilivumilia kama kuhesabu hadi kumi. Kisha nikachomoka mbio, taulo begani, nimkimbilie nikampe kwa nusu bei, hata robo. Mama Ndoo alikuwa mlangoni kwake ameona yote. Akaweka ndoo mbili mbele yangu kama askari anayefunga barabara, akaniambia nirudi nikamalize kichwa cha watu. Nilipogeuka, mwalimu alikuwa amesimama mlangoni pa kibanda, nusu kichwa kinang'aa na nusu ni msitu, na darasa lake zima linapita kurudi nyumbani. Mpaka leo wanamwita Sifuri Nukta Tano.

Siku tatu zikapita kimya. Nilimkasirikia Mama Ndoo hadi nikawa nashusha pazia la mlango nikimwona anavuka. Nilijiambia kwamba nimepoteza waridi sitini kwa kusikiliza maneno ya mwenye ndoo. Siku ya nne fundi akarudi na kipande cha kitambaa mkononi. Akanieleza kwamba alifika kwake akiwa tayari kumsimulia kila mtu kuwa kinyozi amerukwa na akili. Kabla hajaanza, akaingia mteja mwenye gauni la kupunguzwa kiuno, aliposikia bei akashangaa: si kushona tu? Fundi akabaki na gauni mapajani, ananikumbuka mimi. Uwezo wa sitini hakuwa nao. Alitaka arobaini, kwa bei yangu kamili, na rangi ilingane na kile kitambaa. Alipotoka nililipandisha pazia lote, nikavuka kwenda kuomba msamaha. Safari hiyo mimi ndiye niliyeingiza mguu ndani ya ndoo.

Mashada ya harusi tuliyafunga pamoja, maua yake mabichi na yangu ya karatasi. Ukumbini bibi mmoja alinusa waridi yangu, akatangaza kwamba maua ya siku hizi hayana harufu nzuri kama hili. Mama Ndoo alinuna dakika tano nzima, kisha akacheka mpaka akatafuta pa kukaa. Sasa nina rafu dukani kwake, na sijashusha bei hata mara moja, isipokuwa kwa mwalimu wa hesabu, ambaye ananidai heshima yake.

Dada, nimezunguka vya kutosha. Ile picha ya binti uliyenichagulia, uliyonitumia miezi mitano iliyopita, nilikuandikia kwamba kazi imenibana sijapata nafasi ya kufikiri. Huo ulikuwa uongo. Nilifikiri siku ileile, nikajua jibu, nikaogopa kukuambia. Jumamosi iliyopita tulikuwa dukani kwa Mama Ndoo tunafunga mashada. Mimi sikuwa nimetamka neno, unanijua. Yeye, bila hata kuinua macho kutoka kwenye uzi, akauliza, "Hivi wewe utanioa, au nitafute kinyozi mwingine?" Waya ukanidondoka majini. Nikasema nitakuoa.

Ni mjane. Amenizidi miaka saba, ana watoto wawili wakubwa, na yule wa kwanza nikisimama naye inabidi niangalie juu. Najua ulikuwa unangoja siku ya kumbeba mwanangu mgongoni kama ulivyonibeba mimi mama alipotutoka, ukiwa mwenyewe bado mtoto. Hilo sina la kukuahidi, na ndilo lililonifunga mdomo muda wote huu. Nisamehe pia kwa kukubali kabla ya kukuuliza. Ila nina furaha, Dada. Napiga mluzi nikinyoa, mpaka wateja wanalalamika.

Tafadhali mpe pole yule binti na wazazi wake, uwaambie kosa ni langu peke yangu.

Njoo mwezi ujao, wewe na shemeji. Chumba cha nyuma nimeshakipaka chokaa, na hakina ngazi. Mwenzangu anakuamkia. Ameisoma barua hii na kuniagiza niongeze kwamba kama utamkasirikia, hataki kukemewa kwa posta, anataka ana kwa ana. Nimemwonya kwamba wewe ukikemea unaanza na chai na kumaliza baada ya chakula cha mchana. Amesema basi ataazima kiti chenye mto.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Kinyozi