Maji ya Kusuuzia Bomba

Mama,

Mvua zimerudi Kawetele, na baba mkwe amerudi kwenye viazi vyake na dawa ya ukungu. Nyumba imekuwa kubwa mno. Mwanao Ambwene bado yuko Mbeya kwenye kazi za ujenzi, na mjukuu wako Tusekile akishaenda shule nabaki na kuku. Jana nilijikuta jikoni nasimulia umbea wa kanisani, hakuna hata wa kuguna.

Kinachonitesa ni lile bomba la kupulizia dawa. Ulipokuwepo, mzee akichukua njia ya mtoni ulimpigia kelele: "Baba Ambwene, usisuuze bomba mtoni, huko chini kuna ndoo za watu!" Alinung'unika, lakini alisuuzia shambani, maji akayamwaga kwenye viazi vyenyewe. Tangu tukuzike, anashuka nalo mtoni moja kwa moja. Na sisi tunachota hapo chini. Tusekile anakunywa maji hayo, Mama.

Nani amwambie? Kwa mila zetu mkamwana haonani na baba mkwe uso kwa uso, sembuse kumfundisha kazi. Nikimwona njiani naingia migombani kama mwizi. Maneno yangu yote kwake yalipita kwako, hata ya chumvi kuisha. Nilimpigia Ambwene, akasema, "Nikimwambia, atajua umenituma." Nikakata simu kwa hasira.

Basi nimefanya hivi. Siku za kupulizia nadamka mapema, nachota maji, napandisha kilima na kuacha ndoo kwenye ukingo wa shamba, asiwe na haja ya kushuka. Mara ya kwanza aliipita. Mara ya pili pia. Nililia, wala si kwa ajili ya maji tu. Nikapeleka tena, maana dawa ikishaingia mtoni hakuna wa kuitoa.

Juzi nikiwa jikoni nilimsikia amesimama nyuma ya ukuta, pale alipozoea kusimama akiongea nawe. Akasema, "Mama Ambwene, mwambie mkamwana ndoo nimeiona. Nimesuuzia huko huko."

Akangoja umjibu. Mimi nikanyamaza, ndiyo heshima niliyofundishwa. Alingoja sana, Mama. Kisha nikasikia anapenga kamasi, akaenda zake.

Pumzika, mama yangu. Maji nitapandisha kila akipulizia. Na siku akisimama tena pale ukutani, nitakohoa, ajue kuna mtu.

Mkamwana wako