Baba Alifunga Koki Kabla ya Wakati

Nyumbani, mezani kwa Mama,
Jumapili, tarehe 9, mwezi wa tatu.

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Nakusalimu kwa niaba ya nyumba nzima, pamoja na wale waliosinzia baada ya chakula na hawajui kwamba ninaandika. Goti lako linasemaje? Mama Mdogo ameacha kukohoa, au bado anakohoa huku akisema hajambo? Tunasikia baridi ya huko imekaza. Vaa lile koti zito, hata kama wajukuu wanakucheka. Sisi huku wazima, na safari hii ninaposema wazima sijazi nafasi kwenye karatasi.

Najua habari za Baba umeshazisikia kwa simu. Lakini ulizisikia kutoka kwake mwenyewe, na mimi nilikuwa jikoni nikisikiliza alivyokuwa akikuhadithia. Katika hadithi yake yeye ni shujaa tangu mwanzo mpaka mwisho, madaktari ni vibarua wake, na mimi sikuwepo kabisa. Kwa hiyo naandika. Wewe ndiye uliyenipa jina la Kiherehere nikiwa mtoto, basi leo acha jina lifanye kazi yake.

Unakumbuka tulivyoambiwa mwaka juzi kwamba moyo wa Baba unadunda bila mpangilio, mara unakimbia, mara unasita. Daktari wa moyo alimwanzishia kidonge cha kuzuia damu isigande, asubuhi kimoja na jioni kimoja, kwa sababu moyo wa namna ile huweza kufanya bonge la damu, na bonge likipanda kichwani ni kiharusi. Neno hilo katika ukoo wetu halihitaji mkalimani. Wewe ulimwona Babu kuliko nilivyomwona mimi, miaka ile ya mwisho kwenye kiti cha dirishani, akitaka kusema jambo, na hakuna mtu aliyepata kujua ni jambo gani.

Sasa mwaka huu Baba akaanza kupauka. Alikuwa akipanda ngazi kwenda kwenye tangi la maji anapumzika katikati, halafu anasingizia kwamba anakagua ukuta. Walipompima, damu ilikuwa imepungua sana, na kwenye choo chake ikaonekana damu ambayo kwa macho huioni. Daktari wa tumbo akasema lazima apitishiwe kamera kwenye utumbo mpana, na wakikuta vinyama vimeota wavikate palepale.

Hapo ndipo ulipokuwa mtihani. Ukimkata mtu anayetumia dawa ile, damu inaweza kukataa kusimama. Ukimwachisha dawa, kiharusi kinaweza kubisha hodi. Nilikosa usingizi kwa kuwaza hayo mawili, maana kila nilipokimbilia upande mmoja nilikuta hatari inanisubiri.

Daktari wa tumbo, mama mmoja mwembamba asiyepaza sauti, hakuonekana kubabaika. Alimpigia simu daktari wa moyo mbele yetu, wakaongea, wakaelewana. Akampima Baba figo, akasema zinafanya kazi vizuri, kwa hiyo dawa haitakawia kutoka mwilini. Baba aendelee kumeza kama kawaida, aache siku mbili tu kabla ya kipimo. Sista wa chumba cha kamera akarudia maelezo yote taratibu, na Baba akaitikia kwa kichwa kwa adabu.

Lakini wewe unamjua kaka yako. Mtaa mzima unamwita Mzee Koki, na sheria yake ya kwanza kazini ni kwamba hugusi bomba kabla hujafunga koki kubwa na kuacha maji yaishe yenyewe. Aliposikia siku mbili akaona hawa ni mafundi wa haraka haraka. Hakubishana na mtu. Siku ileile tuliyotoka hospitali akaifunga koki yake kimyakimya, na kipimo kilikuwa bado wiki tatu.

Mama ndiye aliyekuwa akimpa kidonge kwa mkono wake, na bilauri ya maji, na kusimama hapo akimtazama akimeza. Kumbe alichokuwa akimeza ni maji. Nilikuja kujua siku nilipokuwa nafua ovaroli yake. Nilitia mkono kwenye mfuko wa kifuani, pale anapoweka ule utepe mweupe wa kuzungushia meno ya bomba, nikautoa utepe ukiwa umenata na vidonge, vingine vizima, vingine vimelainika kwa mate. Nilikaa chini palepale uani, kwenye maji ya sabuni.

Nilipomwita hakukana, hilo namsifu. Alinieleza kwa upole, kama anavyowaeleza wateja wasiojua kitu. "Mwanangu, hawa wataenda kukata mle ndani. Bora wakute pamekauka." Nikamwuliza, "Na Babu je?"

Mama hakupiga kelele. Aligeuza ndoo, akaikalia, akamwamuru Baba atabasamu, aone kama kiharusi hakijampitia. Kisha anyanyue mikono yote miwili. Kisha ataje watoto wake kwa kufuatana. Akatabasamu kwa uso mzima, akanyanyua mikono ikalingana, akataja watoto vizuri ila akamruka wa tatu. Tulishtuka sana, mpaka tukakumbuka kwamba wa tatu amekuwa akimruka tangu azaliwe. Ndipo Mama akalia, na mimi nikamfuata.

Tulimpigia Sista, akasema mleteni sasa hivi. Nilitegemea daktari wa tumbo atamfokea, na kusema kweli nilikuwa nimemwandalia baadhi ya maneno. Hakuyahitaji. Alivuta kiti, akamwuliza Baba swali la kazi yake: nyumba ikifungiwa maji kwa muda mrefu, halafu siku moja ukafungulia, huwa kunatokea nini? Baba akajibu haraka, kwa raha ya mtu aliyeulizwa anachokijua. "Uchafu uliotulia kwenye mabomba unang'oka, unasafiri na maji, unakwenda kuziba pale palipo pembamba." Daktari akamwambia, "Na kwako pembamba ni hapa," akajigusa kipajini, basi.

Baba Mdogo, nimeishi na mzee huyu umri wangu wote na sijawahi kumwona akinywea vile. Kisha akaomba maji, akanyoosha kiganja, akapewa kidonge akameza mbele yetu. Daktari akasema siku mbili zilizopangwa zinatosha, tatu ni za woga, na wiki tatu ni za kutafuta balaa. Mungu alikuwa ametuhurumia, na tarehe ya kipimo ikabaki ileile.

Kuanzia hapo Mama alipandishwa cheo. Kila asubuhi na jioni: meza, fungua kinywa, inua ulimi, peleka kushoto, peleka kulia. Baba alilalamika kwamba hata jela hawakaguliwi hivyo. Mama akamwambia jela hawana mke.

Siku ya kusafisha tumbo sitaieleza kwa urefu, maana hata mimi nina haya kidogo. Alipewa dawa ya kunywa, chupa baada ya chupa, mpaka kinachotoka kiwe maji matupu. Fundi wa vyoo vya mtaa mzima alikaa siku nzima akikagua cha kwake. Kila mara alitoka na malalamiko mapya kuhusu kile kiti cha choo, na nadhani ndiyo maana kimebadilishwa wiki hii, baada ya Mama kuomba kwa miaka.

Siku yenyewe tulikaa kwenye viti vya plastiki vya ukumbini, mimi na Mama, tukitazama mlango. Mama alikuwa amepakata shati la Baba, analikunja, analikunjua, analikunja tena. Niliogopa, Baba Mdogo. Siku mbili zile bila dawa nilikuwa nikimsemesha ovyo ovyo, namwuliza bei ya saruji, namwuliza majina ya mabinamu, ili nisikie tu kama maneno yanatoka sawa. Alinijibu yote, na mwishoni akaniuliza kama ninataka kujenga.

Sista alipofungua mlango alikuwa anacheka. Akasema baba yenu kapewa dawa ya kusinzia lakini kakataa kusinzia, kakodolea macho kwenye kioo kinachoonyesha utumbo wake na kuuliza fundi gani alipiga kona zile. Walikuta vinyama vitatu. Viwili vidogo, kimoja kikubwa kama harage. Wamevikata vyote kwa waya, na pale palipokuwa na kikubwa wamepabana kwa kibanio kidogo cha chuma ili pasivuje, kibanio ambacho kitadondoka chenyewe. Damu haikutoka ila matone. Mama aliinuka akamkumbatia Sista pamoja na shati.

Ila kazi haikuishia pale. Daktari alitaka kidonda kitulie kwanza, dawa ianze siku ya tatu, na akatuonya kwamba kidonda kinaweza kuvuja hata baada ya siku kadhaa. Ikaanza siku ya tatu, kwa ukaguzi wa ulimi. Baada ya siku chache Baba akatoka chooni asubuhi, uso umembadilika, akaja moja kwa moja jikoni nilipokuwa. Nilipomwona nilijua.

Na hapa ndipo nataka usome taratibu, kwa sababu hili kwenye simu hakukwambia. Alikuwa ameshika kidonge cha asubuhi kiganjani. Hakukificha, hakukitupa. Akaniambia, "Nimeona damu kidogo. Mpigie Sista kabla sijameza, na kabla sijaacha. Mimi siamui." Mzee Koki, Baba Mdogo, ambaye hajawahi kuuliza njia hata akipotea. Nilipiga simu, na tayari moyoni nilikuwa nimeanza kushangilia.

Sista alimwuliza mwenyewe: ni kiasi gani, ni mabonge au ni mstari tu, unasikia kizunguzungu, moyo unakwenda mbio? Ulikuwa mstari mwembamba, na kizunguzungu hana. Akauliza kwa daktari, akarudi, akasema ameze, atulie nyumbani, na ikizidi au yakitoka mabonge tusikae kujadiliana, twende mara moja. Baba akameza. Halafu, kabla Mama hajafungua kinywa, akafungua chake na kuinua ulimi.

Damu haikurudi tena. Wiki ile ikapita, na ya pili ikapita, na majibu ya vinyama yakatoka. Si saratani. Kile kikubwa kilikuwa kimeanza kuelekea huko, daktari hakutuficha, lakini kimekamatwa njiani. Damu yake imepanda, weupe wa viganjani umegeuka wekundu wa mtu mzima na afya yake, na ngazi ya tangi anaipanda bila kukagua ukuta. Tumeshinda, Baba Mdogo. Sijui neno lingine. Tulikuwa na moto mbele na moto nyuma, tukapita katikati, na hatukuunguzwa hata ukucha.

Sasa nikugeukie wewe. Daktari amesema ndugu wa tumbo moja nao wapimwe. Baba alikupigia simu kwa ajili hiyo hasa, akaongea mpaka salio likakatika, na jambo lenyewe akalimeza kwa haya, kwamba ataanzaje kuzungumza habari za makalio na mdogo wake. Kaniachia mimi. Na Mama Mdogo ameniambia kwamba barua ya hospitali ya kukuita kwenye kipimo hikihiki unayo tangu zamani, na kila ukiulizwa unasema mimi natumia dawa ya damu, hawawezi kunigusa. Wanaweza. Wamemgusa kaka yako. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi sina baba mdogo wa akiba.

Nenda ukawaambie unameza nini, tangu lini, na kwa nini. Usiache kidonge hata kimoja kwa akili yako, wala usishupalie kumeza kwa akili yako. Waache wapange wao, siku ya kusimama na siku ya kurudi, na ukiona lolote uliza. Ukishindwa kuuliza kwa ajili yako, uliza kwa ajili ya Mama Mdogo.

Msalimie yeye sana, mwambie ule ushirikiano wetu wa siri udumu. Wasalimie wajukuu wote, hasa huyo mpole anayeficha miwani yako. Shangazi anakusalimu na anasema umekuwa adimu. Wa tatu wetu naye anakusalimu, ameomba nimtaje hapa kwa kuwa kwingine huwa anarukwa. Mungu akulinde usiku na mchana, akupe madaktari wenye subira na masikio ya kuwasikiliza.

Ninapomalizia, Baba yuko chini ya sinki la jirani, na ukuta huu mwembamba unanipitishia kila neno: anaomba spana, anakosoa spana, anamweleza jirani makosa ya fundi aliyetangulia. Miaka yote Mama amekuwa akimwambia apunguze sauti. Leo kainuka taratibu kwenye kochi, akazima redio, akarudi kukaa, akisikiliza.

Ni mimi binti yako nikupendaye, nisiyenyamaza mpaka uende,

Kiherehere.