Naomba Daraja Langu Lianguke

Alhamisi, msimu wa mvua, 1953. Walikale.

Mvua imenyesha tangu alfajiri na mto umegeuka tope. Nimejifunika blanketi lakini baridi haitoki. Sisi tuliotoka Kingi, kule milimani, hujisifu kwamba baridi ya huko imetukomaza. Leo sijisifu.

Naogopa daraja.

Ni daraja la miti, la reli ndogo inayopitisha vigari vya mchanga wa bati kutoka machimboni, na mimi ndiye fundi wake. Limebebwa na shevale, ndivyo tunavyoziita: magogo manne yamesimamishwa safu moja, ya pembeni yametanua miguu kama mtu anayezuia ng'ombe, na boriti imelazwa juu ya vichwa vyao. Reli hupita juu ya boriti. Kati ya miguu tunapigilia mbao mbili za mshazari zinazokatana. Wafanyakazi huziita misalaba.

Kiangazi tulilikarabati. Magogo yaliyooza tuliyatoa, na mapya niliyapiga nyundo moja moja nikisikiliza, maana mti mzima hulia na mti uliooza hunyamaza. Yote yalilia. Kisha nikaenda Bihambwe kumzika shemeji yangu. Niliporudi, Papa Bauma, kapita anayesimamia kazi ya reli, alikuwa amekwisha kung'oa misalaba ya chini.

Sababu yake haikuwa ya kijinga. Huku msituni mafuriko huja na miti mizima. Ikinasa kwenye misalaba inarundikana na kusukuma daraja. Basi akaifungulia njia. Vigari vikapita kiangazi kizima vikiwa nusu tupu, na mimi niliyelalamika nikapewa jina la mwoga.

Jana nilijenga daraja dogo kwa matete na kamba za mgomba, bila misalaba ya chini, nikamwita Papa Bauma alione. Niliweka jiwe juu yake, likasimama. Halafu nikalisukuma ubavuni kwa kidole kimoja.

Likalala.

Papa Bauma aliliinamia. "Hiyo iko matete, Papa," akasema. "Yetu iko muti." Akaenda zake. Nadhani aliogopa kidogo, lakini mzigo umeshaagizwa: kesho asubuhi vigari vinapita vikiwa vimejaa, na mto unasukuma ubavuni mchana na usiku.

Nilikuwa na silaha moja tu. Hapa kwetu, mzigo mzito wa kwanza baada ya ukarabati haupiti mpaka fundi awe amesimama ukingoni, chini ya daraja lake. Asiposimama, wasukumaji hawagusi kigari. Kwa hiyo leo asubuhi nilisema mbele ya wote kwamba sitasimama. Wakashusha mikono. Nilifurahi, sitaficha.

Furaha yenyewe haikudumu. Hangi, mdogo wangu, naye ni msukumaji. Akatoka kwenye kundi, uso umemwiva kwa aibu yangu.

"Batu banasema kaka yangu iko muoga," akasema. "Mimi niko damu yake. Kesho mimi njo nitasimama."

Na desturi inakubali. Fundi akiugua, ndugu yake husimama badala yake, nao wakauhesabu woga wangu kuwa ugonjwa. Papa Bauma akamshika bega, watu wakapiga makofi, wengine wakacheka. Mzaha mzaha hutumbua usaha.

Nilimfuata mpaka kwake. "Hangi, daraja itaanguka," nikamwambia.

"Kaka, we njo ulijenga. Kama ulijenga muzuri, unaogopa nini?"

Nilijenga vizuri. Nililijenga likiwa na misalaba. Nilimweleza hayo yote naye akaendelea kupangusa matope kwenye viatu vyake, anataka viwe safi kesho. Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kumkumbatia, nikashindwa yote mawili nikarudi nyumbani.

Siku nilipomtoa Hangi kwetu Kingi, Mama alisema neno moja tu: "Unirudishie mutoto yangu." Mutoto mwenyewe ana ndevu kunishinda.

Sasa giza linaingia. Mezani nimeweka kle kubwa, ile ya kufungulia boliti za reli. Kabla kengele ya kazi haijalia nitafungua reli moja na kuitupa mtoni. Pasipo reli hakuna kigari. Watanifunga, na fimbo sitazikosa. Hangi atasema nimemwaibisha mara ya pili, na labda hatanisemesha tena.

Nasikia magogo ya mafuriko yakigonga miguu ya daraja. Kumbe hata bila misalaba hayapiti yote.

Miaka yote, nikimaliza kazi, humwomba Mungu daraja lisimame. Leo nimepiga magoti na kumwomba aliangushe usiku huu huu, pakiwa hapana mtu chini yake.

Asipoliangusha, kesho nitatangulia mimi na kle yangu.