Modiri Yuko Darasani Kwangu

Keneilwe, uko wapi?? Nimejifungia ofisini.

Modiri yuko darasani kwangu! Modiri yule yule aliyemchoma kisu kaka yangu akafa! Ametoka jela, amejiunga na chuo, na somo alilochagua ni langu, la kuwarekebisha wafungwa.

Nilikuwa naeleza jinsi mtu anavyoweza kubadilika, si unajua ninavyolihubiri hilo. Mkono ukanyooshwa nyuma kabisa. "Mma mwalimu, na ndugu wa aliyeuawa je? Wao wanaamini hayo?"

Sauti niliijua kabla ya sura. Nikawaambia wote watoke.

Yeye akabaki. Kasimama kati yangu na mlango, Keneilwe. Kati yangu na mlango!

"Mma, sikujua ni wewe unayefundisha. Ukisema niache, naacha leo leo."

Miaka yote hii nawaambia watu wawapokee waliotoka jela. Nikaangalia mikono yake. Ile ile.

Nikasikia mdomo wangu unasema, "Jumatatu usichelewe."

Halafu nikampita, nikakimbia hadi huku ofisini.

Sijui nitaingiaje darasani hiyo Jumatatu. Njoo unichukue, nakuomba. Na mama asijue kabisa.