Miaka Sita ya Mama Rufaa

Jumatatu, 9 Juni

Hatimaye nimekabidhiwa kazi ya maana! Bosi wangu — wakili wa rufaa na wa kesi za usalama wa taifa, ambaye korido nzima humwita Mama Rufaa — ameomba kuteuliwa jaji wa rufani. Wasifu wake nitauandika mimi. Bahasha za maombi zinapokelewa hadi Alhamisi jioni. Jopo la uteuzi litazifungua Ijumaa, saa sita mchana.

Amenipa ukurasa mmoja wa maelezo yake. Mmoja, kwa miaka thelathini na moja ya uwakili! Katikati pana miaka sita yenye maneno mawili tu: "Utumishi maalumu." Nilipouliza, alinirekebishia tai kwanza. "Wakili mdogo, kisichomo kwenye jalada hakipo."

Mama yangu ameshawatangazia majirani kwamba ninateua majaji.

Jumanne, 10 Juni

Nimemhoji karani mkongwe, aliyeanza naye kazi enzi za taipureta. Anasema kuna rufaa ambayo Mama Rufaa alisoma kurasa zake elfu moja na mia nne mara tatu, ndipo akagundua kwamba shahidi mkuu alihojiwa polisi siku moja kabla ya tukio lenyewe. Mfungwa akaenda kwao. Mama Rufaa akalala siku mbili mfululizo.

Na ile miaka sita?

"Hilo kabati halina ufunguo, mwanangu. Pita."

Jumatano, 11 Juni

Sikupita. Nimeshinda maktaba, na nimepata! Kwanza, hukumu iliyochapishwa ya shauri la faragha, ambamo mrufani anatajwa kwa herufi moja. Pili, gazeti la mwaka huohuo, lenye habari ya mkalimani wa bandarini aliyetoweka, jina lake likianza kwa herufi hiyohiyo. Tatu, mhadhara wa Mama Rufaa mwenyewe, akimshukuru "mkalimani aliyenifunza subira." Yote yako hadharani, sikuvunja kufuli lolote. Nimeviunganisha kwa aya moja tu, na miaka sita imepata uhai. Mwanamke huyu aliokoa mtu! Kwa nini ulimwengu usijue?

Alhamisi, 12 Juni

Nimepeleka bahasha mwenyewe, asubuhi na mapema, kabla ya muda kuisha. Yeye alikuwa mahakamani. Saini alishaniwekea tangu juzi. Alisema ananiamini.

Ijumaa, 13 Juni

Saa tatu asubuhi aliomba nakala. Ukurasa wa kwanza alicheka hadi miwani ikateleza: "Umeniandika kama mwali anayetafutiwa mchumba!" Ukurasa wa pili hakucheka. Alifunga mlango.

"Nani mwingine ameisoma?"

Nilijitetea kwamba kila kipande kilishachapishwa. Alinisikiliza hadi mwisho, kama anavyowasikiliza majaji.

"Vipande viko wazi, ndiyo. Aliyeviunganisha ni wewe. Mtu huyo ana jina jipya, mke, na watoto wasiojua lolote. Na waliokuwa wakimtafuta hawajachoka."

Nilikaa bila kukaribishwa.

Karani alimpigia simu msajili wa jopo. Jibu: bahasha haibadilishwi baada ya muda kupita. Ikifunguliwa, nakala hubandikwa ubaoni ili wananchi watoe pingamizi. Hurudishwa ikiwa imefungwa kwa sharti moja tu — mwombaji ajiondoe, kwa barua, kabla ya saa sita. Na mwombaji huyu anatimiza sitini mwezi Novemba, umri ambao hauruhusu kuomba tena.

Nilimwambia nitaacha kazi.

"Acha tamthilia, mwanangu. Shika kalamu."

Akaanza kuisema barua, nami nikaiandika. Aliinama begani kwangu, akakata maneno matatu kwa kalamu yangu mwenyewe. "Kwa masikitiko makubwa — toa. Hayamo kwenye jalada." Kisha akanisogezea kikombe chake cha chai, akaniamuru ninywe.

Sasa ni saa tano na dakika kumi na tano. Naandika haya kwenye kona ya meza yake. Barua iko tayari, imebaki saini. Kwa jopo ni mwendo wa dakika ishirini. Karani ameshikilia mlango wa lifti kwa mguu, nao unalia, unalia. Mama Rufaa anapekua droo ya kwanza, ya pili, ya tatu — anatafuta miwani yake ili asaini.

Iko kichwani pake.

Karani ananitazama. Mimi namtazama karani. Hakuna anayemwambia.