Ulikuwa Kwenye Herufi R

Mama,

Ulipatikana kwenye R. Nakuambia hilo kwanza kwa sababu najua ungecheka, na tangu uondoke sijakutana na jambo jingine ambalo lingekuchekesha.

Nianze mwanzo. Ulipokufa niliwapigia simu watu wa kwenu, kisha nikampigia Baba kule Mautuma, maana baba ni baba hata kama mliachana kabla sijaanza shule. Kesho yake nilifika mochari hapa Kakamega na nguo zako kwenye mfuko, nikamkuta Baba Mdogo Zakayo, ndugu yake Baba, amekaa kwenye benchi na wanaume wawili wa ukoo. Walikuwa wameshamwambia mhudumu asitoe mwili.

"Huyu ni bibi yetu," Baba Mdogo akaniambia. "Tulimtolea ng'ombe na hazijawahi kurudi. Atazikwa Mautuma, kwa bwana yake."

Nikamwambia korti ilishavunja ndoa hiyo zamani. Akaniangalia kwa ile huruma ambayo watu wanamwekea mfiwa.

"Korti gani, Nekesa? Leta karatasi."

Karatasi sikuwa nayo. Nakala yako unajua ilivyoishia: mchwa waliila pamoja na cheti changu cha ubatizo, mwaka ule tulipohamia nyumba ya mabati. Ulichoniachia ni maneno mawili tu, "Nizike kwangu." Kwako ni hicho kishamba cha Butali ulichonunua baada ya kupalilia miwa ya watu mpaka mgongo ukapinda. Naibu wa chifu alitusikiliza sote, akasema tukutane ofisini kwake Ijumaa. Nikiwa na karatasi ya korti, utazikwa Butali. Nikikosa, ukoo wa Baba utakuchukua.

Kila mtu alikuwa akingoja nilie. Shangazi Robai, dada yako, alinipa kitambaa, nikakikunja nikakitia mfukoni. Kwenye kazi yangu ya mabomba, mtu akiniambia maji hayatoki, naanza kwa kutafuta koki. Kwangu mwenyewe sikujua nianzie wapi, basi nikaenda kortini, kwa kuwa huko angalau kulikuwa na dirisha la kusimama mbele yake.

Karani wa masijala ni mama wa makamo mwenye sweta ya kijani. Aliniuliza namba ya kesi. Sina. Mwaka? Wa kukisia. Majina? Hayo ninayo. Akaniambia niandike barua ya kuomba jalada litafutwe, niambatanishe kitambulisho changu, cheti cha kuzaliwa na kibali cha mazishi. Niliandika hapo hapo nimeegemea ukuta. Mwandiko ulitoka mzuri sana, Mama, kama wa mtu asiye na shida yoyote.

Akaleta kitabu kikubwa cha majina ya kesi za zamani, akafungua L. Lilian, Linet, Lona, Lydia. Loice, jina lako, hakuna. Akaangalia mwaka uliotangulia, akaangalia uliofuata. Hakuna.

"Labda hakupeleka hapa," akasema. "Kuna wengine huendanga korti ya mbali ili watu wasiwaone."

Nilitoka nje nikakaa kwenye ukuta mfupi, nikanunua mandazi nikala bila kuyasikia mdomoni. Karibu yangu mwanamke mmoja alikuwa akimhimiza mtoto wake amalize chakula. "Kura basi, kura twende."

Unakumbuka? Kila jioni ukitoka kwenye miwa ulikuwa unauliza kutoka langoni, "Mmekura?" Nami nakujibu kwamba hatujapiga kura, uchaguzi ni mwakani. Ulikuwa unanifukuza na mwiko ukizunguka nyumba, huku unacheka. L na R kwako zilikuwa ndugu, yeyote aliyekuwa karibu ndiye aliyetumwa. Hata jina lako mwenyewe ulilitaja vile ulimi ulivyopenda. Siku uliyosimama kwenye lile dirisha na kuulizwa jina, ulisema Roice, na karani wa siku hizo, mtu wa huku huku, aliandika alichosikia.

Nikarudi ndani. "Jaribu R," nikamwambia.

Yule mama alinitazama, kisha uso ukamfunguka. "Wewe! Hata mimi ni Lydia, lakini kwetu wananiitanga Rydia."

Akafungua R, na wewe ukawa hapo. Roice Nanjala, kisha jina la Baba. Nikamuuliza kwa nini lako limetangulia. "Anayetangulia ndiye alipeleka kesi," akasema, akaanza kunakili namba.

Nilibaki nikitazama mstari ule. Mtaani wote walisema uliachwa. Shuleni niliitwa mtoto wa yule mama aliyeachwa, nawe hukuwahi kuwabishia, ulisema tu watu wana midomo. Lugha yenyewe haikukupa nafasi: mwanamume anaoa na mwanamke anaolewa, mwanamume anaacha na mwanamke anaachwa. Na kumbe wewe ndiye uliyeamka asubuhi ukapanda gari mpaka mjini kumwacha mtu. Nilijua kwamba hilo ni jambo la kufurahia. Nililiweka kando nilifurahie siku nyingine.

"Sasa," Lydia akasema, "jalada la talaka hatupeani ovyo. Wewe ni mhusika?"

"Mhusika yuko mochari."

"Pole, mama. Na yule mwingine?"

"Yuko hai."

"Basi alete idhini. Aandike na mkono wake, aweke sahihi."

Hivyo nikaenda Mautuma. Baba amezeeka, Mama. Mahindi yake yamesimama vizuri kuliko yeye. Alinikamatia kuku, akasonga obusuma, ugali wa kwetu, mwenyewe, na hakuniruhusu kusaidia kwa kuwa nimefiwa. Nilimweleza ninachotaka. Aliandika ile idhini polepole, akaweka sahihi, kisha hakuniachilia karatasi.

"Nimeweka," akasema. "Lakini ile karatasi ya korti usiisome mbele ya ndugu zangu."

Hapo ndipo nilipojua. Miaka hii yote amekuwa akiwaambia umeenda Butali kutafuta riziki. Wakimuuliza mbona huonekani, anawaambia ulikuja juzi ukarudi. Baba Mdogo Zakayo hakuwa akinidanganya pale mochari. Kwa kadiri alivyojua, wewe ni mke wa ndugu yake aliye kazini mbali.

"Ningewaambia nini?" Baba akasema. "Ati bibi yangu alinipeleka korti, na korti ikakubaliana naye?"

Nilitaka kukasirika, hasira haikuja. Nilimaliza ingokho, yule kuku wake, nikaosha sahani, nikaondoka na ile idhini. Lakini niliuona mzigo aliokuwa amenitwika. Nikiisoma karatasi, namvua nguo mzee mbele ya ukoo wake. Nisipoisoma, nakupoteza wewe.

Nakala ilitoka siku ya Alhamisi, ikiwa na muhuri wa korti kila ukurasa. Lydia aliitia kwenye bahasha ya kaki, akanishika mkono kidogo kabla ya kuita mtu mwingine. Nilisoma ukurasa mmoja tu, ule wa hakimu kuvunja ndoa. Kiapo chako nilikiona kinaanza na "Mimi, Roice Nanjala," nikakifunika. Hayo ulimwambia hakimu. Hukuniambia mimi, na nimekuacha na siri yako.

Ijumaa tulikaa kwa naibu wa chifu. Wanaume walipewa viti, mimi na Shangazi Robai tukakaa kwenye benchi karibu na mlango. Baba Mdogo alizungumza kwanza, akazungumza vizuri, akasema hawana ugomvi na mtoto, wanataka tu mtu wao arudi nyumbani. Kisha akanigeukia.

"Haya Nekesa, karatasi tuliambiwa iko."

Bahasha ilikuwa kwenye mapaja yangu. Nilimtazama Baba. Alikuwa akiizungusha kofia yake mikononi, anaitazama ndani kana kwamba kuna kitu amekidondosha humo. Nikaanza kuifungua bahasha, maana lazima ningeifungua, Mama, usifikiri ningekuacha. Lakini niliibandua polepole.

Baba akasimama.

"Zakayo, wacha mtoto. Roice hakuenda kutafuta kazi. Niliachwa."

"Unamaanisha ulimwacha," Baba Mdogo akamsahihisha.

"Hapana. Niliachwa. Yeye ndiye aliniacha, korti ikaandika, na mimi nikaweka sahihi."

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko, nacho hakikuja. Mzee mmoja alikohoa, akauliza, na zile ng'ombe je? Baba akaninyooshea kofia. "Zilizaa huyu." Kisha akakaa. Naibu wa chifu akaichukua bahasha mkononi mwangu, akasoma kimoyomoyo, akaniandikia barua ya kuchukua mwili.

Tulikuzika Jumamosi. Trekta za miwa zilipita mara kwa mara na pasta akawa anangoja zipite ndipo aendelee, ungemwonea huruma. Baba alikuja amevaa koti lake la kanisani. Hakukaa kwenye hema la wenye msiba, alikaa na majirani, na wakati wa kutupa udongo alipanga foleni yao. Alipofika mbele alisimama, akanitazama mimi, akauliza, "Naruhusiwa?" Nikamwambia ndiyo. Alitupa udongo kidogo, akajipangusa mikono polepole, akarudi Mautuma bila kungoja chakula.

Tangu hapo mambo ni haya. Kuku wako nimewapeleka kwa Shangazi Robai, isipokuwa yule mwekundu aliyekataa kukamatwa. Nimerudi kazini. Wiki iliyopita nilikuwa Sigalagala nikibadilisha mabomba ya nyumba moja, mwenye nyumba akaniuliza nani alinisomesha ufundi huu. Nikamwambia mama yangu, kwa kupalilia miwa, nikaendelea kukaza nati. Baba Mdogo Zakayo amenipigia simu, akanisalimu, akazungumzia mvua, akakata. Nadhani kwake hiyo ndiyo pole.

Bado sijalia. Nalala, naamka, nafanya kazi, watu wananiambia nimejikaza, na mimi sijajikaza chochote. Ni kama nimekufa ganzi mwili mzima, na wote wanasema itaisha tu siku moja bila kubisha hodi.

Basi nakuahidi hivi. Siku hiyo ikija sitalia kwenye nyumba ya mteja, wala jikoni kwa mtu. Nitaacha vyombo vyangu vya kazi mahali vilipo nije Butali. Wenzangu wakizidiwa hukimbilia kwa baba zao, au kwa bwana zao. Mimi nitakuja kulia kwa mama yangu.

Pumzika, Mama. Uko kwako.

Mwanao,
Nekesa