Mkono Ulioongeza Breki ya Remorki

Papa,

Mvua imerudi Kalemie, na mimi bado simwamini mtu. Unanijua, hata sukari ya dukani naionja kwanza. Tangu tukuzike watu wana neno moja tu: "Dreva mukubwa vile, akasahau freni." Patron, mwenye gari, naye analisema, tena mbele ya Mama. Limenichosha.

Wewe, kusahau breki? Wewe uliyenikalisha kwenye kabini siku ya kwanza ukanionyesha kile kisanduku chini ya usukani, chenye kitufe cha kuzungusha? Uliniambia gari lina breki zake na remorki inayovutwa nyuma ina zake, na kitufe kile ndicho kinachoamua remorki ishike kwa nguvu gani. Ikijaa mahindi ya Pepa, ongeza, la sivyo itakusukuma mpaka bondeni. Ikiwa tupu, punguza, maana magurudumu yake yatakwama na itateleza ubavu. Kila jioni ya kuamkia safari uliijaribu kwenye barabara tambarare karibu na gare ya treni: mwendo mdogo, unabana breki ya remorki peke yake, umeinamisha kichwa, unasikiliza. Ikikwama, unarudisha kidogo. Ikishika vizuri unasema "Njo hapo," na asubuhi unaondoka moja kwa moja. Papa, ningetoa nini nikuone umeinamisha kichwa tena.

Siku ile ulitoka na remorki tupu. Kwenye mteremko wa kwanza ikateleza, ikakuburuta wewe na gari. Kitufe kilikutwa kimezungushwa mpaka mwisho, na jioni ya kuamkia siku hiyo tulikuwa tumekishusha chini kabisa, mimi na wewe. Kwa hiyo kuna mkono uliokigusa. Nilikuapia kaburini kwamba nitaujua, na watu wote watausikia.

Nilianza na Kabwe, fundi wako. Alilia msibani kuliko mimi, nikamtilia shaka papo hapo. Gari lilipotengenezwa na patron akanipa mimi usukani, Kabwe alinipongeza kwa meno tu. Halafu juzijuzi, asubuhi ya safari, nikakuta kitufe kimepanda tena mpaka mwisho. Remorki tupu! Nikamfuata gereji, nikammwagia yote mbele ya wateja. Akafuta mikono polepole. "Odette, Papa yako njo alinifundisha kazi. Nimuue juu ya nini?"

Sikumwamini. Nikaanza kufunga kabini, na ufunguo nikautundika ndani ya nyumba, ambako Kabwe hafiki. Safari iliyofuata, kitufe juu tena. Ndani ya nyumba tuko wawili, mimi na Mama, lakini akili yangu ilikimbilia wezi, ikakimbilia majirani, ikakimbilia hata yule mshiriki wa kwaya anayekuja kuomba chumvi. Basi safari ya leo niliamka kabla ya chai, nikajificha nyuma ya jiko la uani, mkabala na gari.

Mama alikuja na ufunguo. Akafungua kabini, akafanya ishara ya msalaba, akazungusha kitufe mpaka kikagoma.

"Mama, unafanya nini?"

"Naongeza freni, mutoto wangu. Barabara iko na utelezi." Alinitazama bila wasiwasi wowote. "Na Papa yako nilimufanyiaka vilevile, asubuhi ya ile mvua. Haikumusaidia."

Nilimwambia asante.

Nikaondoka. Nilipopita kona nikasimama, nikarudisha kitufe chini, nikajaribu breki kama ulivyonifundisha, na hapo nikalia mpaka kioo kikaingia ukungu. Kabwe nilipita kumwomba radhi. Sikumweleza kitu. Amenijibu kwa kichwa tu, na ana haki.

Sasa naujua ule mkono, Papa. Ni ule uliokufungia chakula cha njia miaka yote. Nilikuapia nitautaja, na siwezi. Nikilisafisha jina lako, nitamzika Mama akiwa hai. Kwa hiyo nabadilisha kiapo changu: maadamu anapumua, hatajua. Kila safari nitamwacha aongeze, nami nitapunguza nikishapita kona. Na watu wakianza tena maneno yao, nitakaa palepale, mdomo umefungwa.

Pumzika, dreva wangu. Unisaidie kuubeba uongo huu.

Ulisahau, Papa. Tuseme ulisahau.

Binti yako,
Odette